Nani Ametia Maji Kwenye Maziwa

Mimi ni mtu wa kushuku, na sikatai. Mtu akinipunguzia bei kabla sijaomba, naigeuza bidhaa juu chini nitafute tundu. Nikisalimiwa kwa uchangamfu uliopita kiasi, naanza kujiuliza huyu anataka kuomba nini. Labda nilizaliwa hivyo. Lakini tabia hii ilinizidi mwaka ule wa ukame, jirani yangu aliponizoesha kutazama vipindi vya upelelezi.

Jirani huyo ni karani wa ofisi ya serikali, mtu wa Kirinyaga. Alihamishiwa hapa Garissa akaja na kitanda, jiko la gesi na runinga iliyoshinda dirisha lake kwa ukubwa. Tulikuwa tumepanga nyumba za ua mmoja. Mimi niliuza maziwa ya ngamia sokoni mpaka adhuhuri, yeye alitoka ofisini saa kumi na nusu, na kuanzia hapo hadi adhana ya magharibi tulikaa kwenye mkeka wake chini ya feni, tukatazama. Vipindi alivinunua mjini kwenye flashi, misimu mizima kwa mkupuo. Tulichokipenda zaidi kilikuwa cha mpelelezi wa kike katika mji fulani wa ng'ambo ambako mvua hainyeshi ikakoma. Sisi tuliokuwa tukinusa mizoga kila upepo ukivuma, tulimtazama mwanamke akinung'unika kwamba viatu vyake vimelowa.

Jirani ndiye aliyekuwa mwalimu wangu, maana alizijua kanuni zote. Maiti, aliniambia, lazima ipatikane kabla chai yako haijapoa. Mtu wa kwanza kukamatwa si yeye kamwe. Huyo amewekwa pale kutupotezea dakika ishirini. Anayelia sana msibani, mtie alama. Kamera ikikitazama kitu kidogo kwa muda mrefu kuliko kinavyostahili, kikombe au kifungo cha shati, kitu hicho kitakuja kumfunga mtu jela. Na yule mpole wa pembeni, anayeleta chai na kufungua mlango, ambaye huoni kazi yake katika hadithi, huyo ndiye wa kuangaliwa, kwa sababu hakuna anayelipwa kuigiza bure. Mwishoni wote wanakusanywa chumba kimoja, mpelelezi anapita katikati yao akisema polepole, na mwenye hatia, badala ya kunyamaza kama mtu mwenye akili zake, anakiri kila kitu mpaka na sababu.

Hapo kwenye kukiri ndipo roho yangu ilipoburudika. Kwetu sijapata kuona mtu akikiri hata kwamba amekalia kiti changu. Jirani alinicheka, akasema mimi sitazami kipindi, mimi nasubiri mtu aombe msamaha. Alikuwa amenipata, na nilinuna kidogo.

Sasa niseme habari ya maziwa. Yangu yalitoka kwa habaryar, yaani mama yangu mdogo. Mama mzazi aliugua nikiwa mchanga, na mdogo wake akaninyonyesha pamoja na mwanawe, kwa hiyo kwa dini yetu huyo ni mama yangu kabisa. Kambi yake ilikuwa kando ya barabara ya Modogashe, mwendo wa saa tatu kwa gari. Kila alfajiri ngamia walikamuliwa, maziwa yakatiwa kwenye madumu ya manjano, na shingoni mwa kila dumu kikafungwa kitambaa chekundu ili lisichanganywe na la mtu mwingine. Gari la maziwa likayabeba hadi kwangu. Lilipogeuka kurudi, likabeba unga, sukari na majani ya chai nilivyonunua kutokana na mauzo. Mbuzi wa kambi ile walikuwa wamekwisha kufa. Waliobaki ni ngamia wachache na mimi huku sokoni, na maziwa yasiponunuliwa, kule hakuna anayekula.

Basi asubuhi moja mteja wangu mkubwa, mwenye hoteli karibu na stendi, aliniita jikoni kwake. Ni mzee mstaarabu, hapandishi sauti. Alinimiminia kikombe cha chai akakiweka mbele yangu, akaniambia nikitazame tu, nisinywe. Chai ilikuwa na rangi ya maji ya kufulia. Akasema hamtuhumu mtu, lakini yeye ananunua maziwa, maji anayo bombani. Alinipa mpaka Ijumaa. Ijumaa ikifika hali ni ileile, atachukua kwa muuzaji mwingine.

Nilitoka pale uso umenivimba kwa aibu. Nilipofika kwenye kibanda changu nilidondosha tone la maziwa kwenye ukucha wa kidole gumba. Siku zote tone hutulia pale. Siku ile liliteleza likaenda zake. Kuna mtu alikuwa akitia maji katika maziwa ya mama yangu, na alikuwa akinitazama usoni kila siku na kunisalimia.

Alasiri nilimsimulia jirani. Alipunguza sauti ya runinga, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, akanigeukia macho yakimeta.

"Tuna kesi," alisema.

Mtu yeyote timamu angeanza na dereva na kuishia kwa dereva. Ndiye aliyekaa na madumu yale saa tatu nzima, na njiani kuna visima viwili. Nilimvaa kesho yake mapema. Nilimuuliza anasimama wapi, kwa muda gani, nani hushuka, nani hupanda. Alijibu yote bila kukwama, akaongeza kwamba nikitaka nikapande naye hata kesho. Nilimrudishia jirani majibu hayo. Akasema dereva tumwache, wa kwanza si yeye kamwe, tungepoteza muda bure. Na mimi, mwanamke mzima niliyezaa, nikakubali. Nilimwondolea mtu lawama si kwa kuwa nimemwona hana kosa, bali kwa sababu katika mji wa mvua mambo huenda hivyo.

Wanawake wenzangu pale sokoni nao walikuwa wakilalamika. Mmoja alisema maziwa yake siku hizi hayana nguvu, mwingine akasema hata wake. Mpelelezi wa kweli angesimamisha kila kitu hapo, akauliza inakuwaje madumu ya kambi mbalimbali yaharibike kwa pamoja. Mimi nilikunja midomo. Nikajiambia hawa nao wanajitetea kabla hawajaulizwa, na mtu anayejitetea mapema ana lake jambo.

Siku ya tatu nikaona kitambaa. Habaryar ana fundo lake, gumu, la kuzungushwa mara mbili, ambalo miaka yote nimelifungua kwa meno huku nikimlaumu kimoyomoyo. Siku ile nilivuta tu likafunguka. Nilitazama dumu la pili, fundo lilikuwa legelege vilevile. Nilisimama na kitambaa mkononi huku wateja wakiniita. Jioni nilimwekea jirani kitambaa kile mkekani kama ushahidi. Alikigeuza, akakinusa hata, sijui alitarajia kunusa nini. Kisha akaniuliza swali ambalo mpaka leo namlaumu nalo, ingawa aliuliza kwa nia njema.

"Dada, katika hawa wote, ni nani hujamshuku hata mara moja?"

Macho yangu yalikwenda kwenye kitambaa cha habaryar. Akasema, "Ndiye."

Nilimkatalia. Nilimwambia asinichezee, yule ni mama yangu, nilimnyonya. Akaniomba radhi, akaongeza sauti ya runinga, na nikarudi kwangu nikiwa nimekasirika. Lakini shaka ikishaingia haitoki kwa kukasirikiwa. Kesho yake mchana mzima nilikuwa nafukua. Nilikumbuka kwamba wiki ile habaryar alipiga simu mara mbili, yeye ambaye hupanda kilima kutafuta mtandao, akauliza kama maziwa yanafika vizuri. Kwa nini aulize? Alinitumia salamu kwa dereva kila siku. Alikuwa na kawaida hiyo? Nilikumbuka amewahi kusema kwamba unga hautoshi. Mtu ambaye unga haumtoshi anahitaji dumu lijae, na njia rahisi ya kujaza dumu kila mtu anaijua. Kila wema wake niliugeuza nikaukuta na tundu. Mpaka jioni nilikuwa nimemhukumu, na kibaya zaidi niliona fahari, kama mtu aliyegundua kabla kipindi hakijaisha.

Jumatano nilifunga kibanda mapema nikapanda gari la maziwa likirudi. Nilikaa mbele na dereva. Nyuma kulikuwa na unga na sukari. Njia nzima nilipanga maneno. Nitawakusanya, nikajiambia. Nitaanza na fundo, nitafuata na simu, nitaacha kimya, naye atakiri, nami nitamsamehe. Nilikuwa nimeshajionea huruma yangu mwenyewe jinsi nitakavyomsamehe. Nje ya dirisha ardhi ilikuwa nyeupe na hakuna kilichosimama ila miiba, na sikuitazama hata mara moja kama kitu kinachohusika na kesi yangu.

Tulifika wakati wa alasiri. Kambini nilimkuta habaryar na mkwewe, mke wa mwanawe, pamoja na watoto. Wanaume, nikaambiwa, wana siku ya tano wamekwenda na punda kutafuta maji. Habaryar alikuwa amekonda, midomo imepasuka, lakini alinyanyuka akanikumbatia, akasema leo ni sikukuu. Alitaka kuniandalia chai. Nilimwambia chai itasubiri, nina neno, na ningependa wote walisikie, na dereva pia. Dereva alinitazama kwa mshangao, akaja akachuchumaa. Watu walikaa kivulini mwa kibanda cha mikeka, watu wazima watatu tu na watoto, lakini nilisimama kama nahutubia baraza.

Nikasema. Nilianza na hoteli, nikaja kwenye ukucha, nikatoa kitambaa nikaonyesha fundo. Mkwewe aliinua mkono nusu, akasema kwa sauti ndogo kwamba siku hizi anafunga yeye, kwa kuwa mama huondoka alfajiri kwenda kusimama foleni kisimani na kurudi usiku, leo tu ndipo amebaki. Nilimwambia asubiri zamu yake. Haki ya Mungu, nilimwambia hivyo, zamu yake. Nikaendelea na simu na salamu na unga usiotosha. Kisha nikanyamaza, nikasubiri kile kinachokuja baada ya kimya.

Habaryar hakulia wala hakufoka. Alinitazama muda mrefu, kwa namna ya mtu anayejaribu kukumbuka alikuona wapi. Aliuliza kitu kimoja.

"Unataka niape?"

Kwetu, mtu akishutumiwa na hakuna shahidi, huapa kwa Kitabu, na akishaapa jambo limekufa. Lakini mama haapishwi na mwanawe. Hiyo haijaandikwa popote kwa sababu hakuna aliyewahi kuona haja ya kuiandika. Alikuwa ananipa nafasi ya kurudi nyuma. Alinifungulia mlango kabisa, na mtoto wa miaka mitano angeuona. Mimi nilitikisa kichwa kukubali.

Dereva akasema astaghfirullah, akainuka akaenda kusimama kando ya gari. Habaryar akamtuma mkwewe alete Msahafu. Halafu, kwa kuwa Kitabu hakishikwi bila udhu, alipandisha mikono ya nguo yake, akapiga magoti pale pale tulipokuwa, akapiga viganja viwili juu ya mchanga. Akapangusa uso. Akapangusa mikono, wa kulia kisha wa kushoto. Alifanya kwa utulivu, hatua kwa hatua, mtu aliyezoea.

Nilimtazama akijipaka vumbi usoni. Kutawadha kwa mchanga ni ruhusa ya mtu asiye na maji. Huyu mwanamke hakuwa na maji ya kulowesha uso ili ashike maneno ya Mungu. Niligeuka nikatazama kambi yote kwa mara ya kwanza tangu nishuke garini. Dumu moja la maji lilikuwa limeegemezwa kwenye kibanda, limefunikwa kwa gunia, na mtoto mkubwa amekaa mbele yake akililinda wadogo zake wasiliguse. Watu wenye maziwa lita arobaini na maji chini ya lita ishirini. Atayatoa wapi maji ya kutia kwenye maziwa? Hapo maji ndiyo ghali. Mtu angekuwa mwizi kambini pale, angeiba maji akaacha maziwa. Nilikuwa nimeleta unga na sukari na kesi, na maji sikuleta hata chupa, maana kwangu mimi maji ni kitu cha kufungulia bomba.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilimshika mkono, nikamwambia basi, mama, basi, nimeona, usiape. Nilikuwa nalia tayari.

"Umeomba," alisema, akautoa mkono wake taratibu. "Dereva amesikia, mke wa mwanangu amesikia. Nisipoapa leo, kesho watasema nilikataa."

Akaapa. Aliapa kwa sauti ya kawaida, mkono juu ya Kitabu, kwamba hajatia maji katika maziwa yangu wala hajui aliyetia. Kisha mimi, kama ilivyo desturi, ilinibidi niseme mbele ya mashahidi kwamba nimekubali na sina dai. Nilisema. Maneno yalitoka vipande vipande.

Jua lilipoinama, ngamia walirudi na kijana wao mchungaji. Habaryar aliniita nisimame karibu. Alimwachia ndama anyonye kidogo, akamvuta pembeni, akakamua ndani ya chombo changu mwenyewe nilichokuja nacho. Maziwa yalitoka mepesi, ya kibuluu, yaleyale ya kwenye ukucha. Aliniambia bila kuniangalia kwamba ngamia akikaa na kiu muda mrefu, maziwa yake hujaa maji ili ndama asife. Yeye mwenyewe hukauka, akampa mwanawe maji aliyokosa. Alisema kila mtu anajua hilo, na hakuwa ananisimanga, alikuwa anasema tu.

Alhamisi nilimpelekea mwenye hoteli habari hizo. Alisikiliza, akashika paji la uso. Akasema marehemu mama yake alikuwa akisema hivyohivyo, naye amesahau, kwa kukaa mjini karibu na mto miaka yote hii. Hakuhamia kwa muuzaji mwingine. Aliagiza jikoni kwake wapunguze maji ya chai waongeze maziwa. Kwa hiyo biashara ilipona, na kambi ikaendelea kula.

Jirani aliniuliza ni nani. Nilimjibu hakuna. Alibisha kwamba haiwezekani, lazima awepo mtu, na nilimwona kabisa amekata tamaa kama mtu aliyenunua flashi yenye sehemu ya mwisho iliyoharibika. Bado tunatazama, mara mojamoja. Lakini siku hizi namwangalia mtu ambaye zamani sikumwona kabisa, yule aliyeshukiwa bure. Anahojiwa, anavuliwa nguo mbele ya mke na majirani, halafu mpelelezi anamwambia unaweza kwenda, na kamera haimfuati. Hatumwoni tena. Hakuna anayetuonyesha chakula chake cha usiku ule, wala anavyosalimiana kesho yake na aliyemshuku.

Mvua zilikuja hatimaye, maziwa yakawa mazito, tone likatulia kwenye ukucha. Habaryar hajanikasirikia. Nikienda ananikaribisha, ananiuliza habari za wanangu, ananipa maziwa ya kwanza. Ila kila asubuhi gari likifika sokoni, dereva hushusha madumu yetu, na kabla sijanyoosha mkono huniambia kwamba amesimama pale, ameona kwa macho yake ngamia wakikamuliwa na dumu likifungwa. Mwanzo nilifikiri ananicheza shere. Nilimwambia, tafadhali, sijamwomba ashuhudie, naye aache.

Akaniambia si yeye anayetaka. Mama yangu hakubali kukamua mpaka yeye dereva ashuke garini aje asimame.